UZI: Law School tunaingia nayo 2025. Tuache kuhesabu sapu, tuangalie kalamu

Hati_Safi
13 Januari 2025

Wakuu heshima kwenu.

Wiki ya Sheria hiyo inakaribia, majoho yanapigwa pasi, na kama kawaida ya Januari swali ni lilelile: "Eti Law School bado wanafelisha?" Tangu mwaka uanze nimeshawajibu watu wanne kule faragha. Nimechoka kurudia, naweka hapa tusome wote. Wenye mawe yenu yawekeni karibu.

Kwa wageni kidogo. Law School of Tanzania, kwa jina lake refu Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kupokea wanafunzi wa kwanza 2008. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi, kikosi kazi cha Jaji Mark Bomani kilishalisema mwaka 1996. Kundi la kwanza lilisomea Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye majengo ya watu. Leo shule ina majengo yake Barabara ya Sam Nujoma, ukishuka kituo cha daladala cha Simu 2000 unaingia kwa miguu. Kabla ya hapo ulikuwa ukimaliza shahada unakwenda kushika mkoba wa wakili mkubwa, kisha unakaa mbele ya Baraza la Elimu ya Sheria unahojiwa. Wazee wengi mnaowaona mahakamani wamepita huko.

Sasa tuje kwenye kidonda. Oktoba 2022 yalitoka matokeo ya kundi la 33. Wanafunzi 633. Waliofaulu masomo yote 26. Wenye sapu, yaani mitihani ya kurudia, 342. Waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, 265. Nchi nzima ikapiga kelele, Ndumbaro, Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, akaunda kamati ya watu saba chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na tangu siku hiyo kila mwenye bando ni mtaalamu wa elimu ya sheria. Watu walibeba ile 26 tu, asilimia nne, wakakimbia nayo. Wale 342 hakuna aliyewauliza, wakati mtu wa sapu hajafeli shule, amefeli somo moja, mawili, anarudi anafanya. Mawakili kibao wenye ofisi nzuri mjini humu wana sapu zao, hawazitaji tu.

Hoja yangu ni hii: mtihani wa pale unampima mtu kitu ambacho kwa miaka minne ya chuo hakuna aliyemfundisha, nacho ni KUANDIKA. Chuoni unaulizwa "jadili". Unajaza kurasa sita, unataja kesi nane, umefaulu. Law School unapewa bahasha: mkataba uliochanika pembeni, barua mbili za madai, risiti ya benki, na maelezo ya mteja anayejichanganya tarehe. Unaambiwa mteja kakaa nje, andika hati ya madai.

Mimi chuo nilichosoma (sikitaji) darasa letu lilikuwa la mamia ya watu na kipaza sauti kibovu. Nimemaliza na alama nzuri tu, sijawahi kuandika hati ya madai hata moja iliyosahihishwa na mtu. Nilikuwa naweza kukueleza historia ya mamlaka ya mahakama tangu ukoloni, lakini nisijue kwamba hati ya madai lazima itaje thamani ya kinachogombewa, kwa sababu ndiyo inayoamua uende mahakama gani na ulipe ada kiasi gani.

Zoezi langu la kwanza la uandishi pale lilirudi na alama moja tu ya wino mwekundu. Aya ya sita nilikuwa nimeandika "mdaiwa alivunja mkataba". Pembeni mwalimu kaandika neno moja: "Lini?" Nikajiona nimeonewa, nikaenda kumuuliza. Akanijibu huku anakunja miwani: madai ya mkataba yana miaka sita, madai ya madhara miaka mitatu, usiposema lini, hakimu atajuaje kama umekuja ndani ya muda? Amri ya Saba ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inasema wazi kwamba lazima useme chanzo cha madai na kilitokea lini. Nilikuwa nimeikariri hiyo kanuni neno kwa neno! Nimeikariri, nikaivunja palepale kwenye karatasi. Sasa mtu wa namna yangu mko mia sita darasani, matokeo yakitoka mnashangaa nini?

Kuhusu mwaka huu tunaouanza, ninavyoona mimi:

Mikopo ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Bodi ya Mikopo siku hizi ina mwongozo wake kabisa kwa wanafunzi wa Law School. Miaka ya nyuma mtoto wa mkulima alikuwa anamaliza shahada, anakaa nyumbani miaka miwili mitatu anakusanya ada, akija pale ameshasahau hata kifungu cha kwanza. Watu hawaihesabu hiyo kwenye sababu za kufeli, mimi naihesabu ya pili.

Lugha bado ni kitendawili, wadau watanisaidia hapo chini.

Mtihani wa kuingia umezungumzwa sana tangu ile kamati. Siupingi, ila mtihani wa mlangoni utapunguza idadi ya wanaofeli ndani bila kumfundisha yeyote kuandika. Takwimu zitapendeza, basi.

Na mafunzo ya vitendo, ile sehemu ya kwenda mahakamani na ofisi za mawakili, hapo ndipo moyo unaniuma. Ofisi niliyopelekwa mimi (siitaji) wiki tatu za kwanza nilitoa kopi na kufuata chapati. Wiki ya nne karani wa pale, siyo wakili, KARANI, ndiye aliyenionyesha jinsi ya kupanga viambatanisho na kuviwekea alama. Ningekuwa na uwezo ningeanzia hapo: wakili anayepokea wanafunzi aonyeshe walichoandika kwake, karatasi kwa karatasi.

Kwa wanaoripoti mwaka huu nimewaandalia mtego. Hii ni hati ya kiapo ya kuungia mkono maombi ya kusimamisha mnada. Nimeiandika mwenyewe usiku, ina makosa MATATU. Tafuteni.

> Mimi, FULANI BIN FULANI, mtu mzima, Muislamu na mkazi wa Manzese, naapa na kueleza kama ifuatavyo:
> 1. Kwamba mimi ndiye mwombaji katika shauri hili, hivyo nayafahamu vyema ninayoyaapia.
> 2. Kwamba nimeishi katika nyumba yenye mgogoro tangu mwaka 2011.
> 3. Kwamba nimeelezwa kuwa mjibu maombi ameshapata mnunuzi wa nyumba hiyo.
> 4. Kwamba tarehe 9 Januari 2025 dalali wa mahakama alibandika tangazo la mnada mlangoni pangu.
> 5. Kwamba kwa mujibu wa sheria mnada huo ni batili, na naiomba Mahakama hii tukufu iusimamishe.
> UTHIBITISHO: Yote niliyoeleza hapo juu ni kweli kwa ufahamu wangu mwenyewe.
> Kimeapwa mbele yangu leo tarehe 6 Januari 2025. Kamishna wa Viapo (jina, sahihi na muhuri vipo).

Karibuni.

---

Sapu_Mbili

Mkuu umenigusa, jina langu tu lijieleze. Nilibeba mbili na leo nina namba yangu kwenye orodha ya mawakili, na kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama wa kutambua mawakili, ukinitafuta unanikuta.

Naongeza kitu hujakisema. Pale mwaka ni mmoja tu, masomo yamebanana. Asubuhi uko darasani, jioni zoezi la kikundi, na kikundi chenyewe mko kumi wanaofanya kazi ni watatu. Mimi nilipanga chumba Sinza na wenzangu wawili, suti ni moja, nyeusi, naifua Ijumaa usiku Jumatatu inavaliwa. Ada peke yake inapita milioni moja na nusu, hapo hujala, hujapanda daladala, hujatoa kopi. Na kopi za pale zinakula hela kuliko chakula, atakayebisha hajasoma.

Kwa hiyo hilo la mkopo ni kweli kabisa. Kundi letu kuna jamaa alikuwa kichwa kuliko sisi wote, kaondoka katikati. Hakufeli, alikosa kodi.

---

Mtaa_wa_Saba

Hizi ni ngonjera. Mnatetea shule inayokula ada ya watu 633 halafu inawapitisha 26. Kiwanda kikitoa chupa 26 nzima kati ya 633, unalaumu mchanga au unalaumu kiwanda?

Halafu jambo mnalolikwepa: anayefundisha ndiye anayetunga, ndiye anayesahihisha. Mpishi, mwonjaji na mwenye hoteli ni mtu mmoja.

---

Hati_Safi

@Mtaa_wa_Saba mchanga ukija na kokoto nalaumu aliyeuza mchanga pia. Ila hilo la pili ni la maana, silikwepi. Tuna jirani humu wa Nairobi, @Wakili_wa_Langata hebu waeleze nyie mmefanyaje.

---

Wakili_wa_Langata

Nashukuru kwa kunialika bwana Hati. Huku kwetu Kenya School of Law, iliyoanza 1963, na sasa iko Karen, inafundisha tu. Mtihani wa uwakili unasimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, ambalo ni taasisi nyingine kabisa. Masomo ni tisa. Alama 20 ni mtihani wa mdomo, 20 ni mradi, na 60 ni karatasi ya kuandika. Kisha unaenda miezi sita kwa wakili kufanya uanagenzi.

Sasa nisikudanganye rafiki yangu wa Mtaa wa Saba. Tulitenganisha mpishi na mwonjaji miaka mingi iliyopita, na bado watu wanaanguka kwa wingi na kelele ni zilezile. Tofauti ni kwamba sasa tunazo ofisi mbili za kulalamikia. Shule inasema baraza linatunga vibaya, baraza linasema shule haifundishi. Na wote wawili wanasema vyuo vikuu vinaleta watu wasiojua kuandika barua.

Kampala nao kwenye LDC, shule ya uwakili ya Uganda, walikuwa na mtihani wa kuingia kwa miaka. Waliobaki nje ya mlango walikuwa wengi, na waliopita mlangoni bado kuna walioanguka ndani. Kwa hivyo nakubaliana na bwana Hati, ingawa hiyo chapati yake ya ofisini imenichekesha. Mimi nilikuwa nafuata mandazi.

---

Mtaa_wa_Saba

Sawa nimekuelewa wakili. Kiwanda bado nakilaumu lakini.

---

Karani_Mstaafu

Vijana hamjambo. Mimi nimekaa masjala za mahakama miaka zaidi ya thelathini, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, kwa hiyo nimewapokea hao wanafunzi wenu wakiwa na miwani na viatu vya kuchonga.

Suala la lugha mmelitaja mkaliruka. Mahakama ya Mwanzo ni Kiswahili tangu zamani. Mwananchi anasema, hakimu anaandika, wote wanaelewana. Ukipanda Wilaya ndipo lilipokuwa linaanza sinema: shahidi anasema kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa Kiingereza, wakili anahoji kwa Kiswahili, uamuzi unasomwa kwa Kiingereza, mwenye kesi anauliza "nimeshinda?" Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikaachiwa mazingira maalumu, na 2022 zikaja kanuni za lini kitumike. Mwaka huohuo wa 2021 mawakili wakaruhusiwa kuingia Mahakama za Mwanzo zenye mahakimu wakazi.

Matokeo yake nini? Nilimwona wakili kijana, shahada anayo, kaja Mahakama ya Mwanzo kumwakilisha jirani yake aliyegombania ng'ombe. Kasimama vizuri, kaanza vizuri, kisha akataka kusema kwamba shauri lile lilishaamuliwa na mahakama nyingine. Neno la Kilatini analo, la Kiingereza analo, la Kiswahili hana. Kasimama anatazama dari. Mzee wa baraza akamsaidia: "Unataka kusema hili jambo lilishakwisha?" Akasema ndiyo mzee. Lilishakwisha! Watu wakacheka, hakimu naye.

Kwa hiyo mnaposema wanafeli kwa sababu Kiingereza chao ni kibovu, ni kweli, nimesoma viapo vyao. Lakini na Kiswahili chao cha kazi je? Mtoto kasomeshwa kwa lugha moja anakwenda kufanya kazi kwa nyingine, na shule ina mwaka mmoja tu wa kumuunganisha. Ninavyoona mimi shule hiyo ikitaka kuonekana imepiga hatua mwaka huu, nusu ya mazoezi ya kuandika yawe Kiswahili, na yasahihishwe kwa ukali uleule.

---

Hati_Safi

Shikamoo mzee. Hapo sina la kuongeza. "Lilishakwisha" nitaitumia.

---

Pemba_Moja

Assalaam alaykum. Ndugu zetu wa Bara msitusahau, huku Zanzibar uwakili una utaratibu wake, Jaji Mkuu wake na chama chake cha mawakili. Namba ya kule haikupi ruhusa ya huku. Nilitaka kusema hilo tu, maana kila mwaka mtu anashuka bandarini na joho mkononi.

---

Mgeni_Januari

Habari za humu kaka zangu na dada zangu. Mimi naingia kundi jipya, nimetoka Songea, nina wasiwasi kweli baada ya kusoma uzi huu. Naomba nijaribu mtego wa kaka Hati_Safi, msinicheke.

Kosa la kwanza, aya ya tano. Kiapo ni cha mambo ya kweli tu, yeye kaweka hoja ya sheria na ombi. Hayo yangekaa kwenye maombi yenyewe au kwenye hoja za wakili. Tulifundishwa kesi ya Matovu ya Uganda, ya mwaka 1966.

Kosa la pili, aya ya tatu. "Nimeelezwa" na nani? Hajataja chanzo. Tena kwenye uthibitisho anasema yote anayajua mwenyewe, sasa la kuelezwa linakuwaje la ufahamu wake mwenyewe?

La tatu nimetafuta tangu asubuhi. Labda jina la aliyeandaa halipo chini? Sheria ya Mawakili inataka liwepo.

---

Hati_Safi

Mdogo wangu, usiwe na wasiwasi, umeanza kusoma kama wakili. La kwanza na la pili umepata, na ile ya kuunganisha aya ya tatu na uthibitisho ndiyo hasa niliyokuwa naitaka. La jina la aliyeandaa uko sahihi kisheria, ila nililikata mimi mwenyewe kufupisha, silihesabu.

La tatu bado. Angalia chini kabisa, pale kwa Kamishna.

---

Sapu_Mbili

Mahali! "Kimeapwa mbele yangu leo", wapi? Sheria ya Mathibitisho na Makamishna wa Viapo, kifungu cha 8, Kamishna aseme kiapo kimeapwa wapi na lini. Hili ndilo lililonipa sapu ya kwanza, siwezi kulisahau mpaka naingia kaburini.

@Mgeni_Januari hilo ni baya kuliko hayo mawili. Aya yenye hoja mahakama inaweza kuifuta na kiapo kikabaki kinatembea kwa aya zilizobaki. Kasoro pale kwa Kamishna inagusa kiapo chenyewe. Siku hizi, tangu yale marekebisho ya 2018 ya kutofungwa sana na ufundi, unaweza kumpata jaji akakuruhusu kurekebisha. Unaweza pia usimpate, na mteja wako mnada wake ni Jumamosi.

---

Hati_Safi

Kamaliza. Matatu yote yamepatikana: hoja ndani ya kiapo, habari isiyo na chanzo, na mahali pa kuapia. @Mgeni_Januari karibu sana mjini, ukifika niandikie faragha nina vitabu vya mwenendo wa madai vimekaa tu.

---

Mama_Wali_Simu2000

Samahanini wanangu, mimi sheria sijasoma. Nauza chakula hapa karibu na shule yenu, hao mawakili wengi nimewalisha kwa mkopo na wengine nawadai hadi leo (wanajijua). Mwanangu ndiye kanisomea huu uzi.

Nauliza tu. Huyo bwana wa Manzese anasema dalali kabandika karatasi mlangoni tarehe 9. Halafu kaenda kuapa tarehe 6. Alijuaje? Alipiga ramli?

---

Mtaa_wa_Saba

😂😂😂 KIWANDA HICHO

---

Sapu_Mbili

Nimesoma mara tano sijaona. Mara TANO.

---

Karani_Mstaafu

Mimi niliona, nikanyamaza nione nani atasema.

---

Hati_Safi

Mama, hilo sikulitega. Nilikusudia kuandika tarehe 16, mtu apate muda wa kumpata Kamishna, moja ikabaki kidoleni. Nimekaa hapa tangu juzi nafundisha watu kuandika "lini".

Kesho mchana nakuja. Wali maharage, na yale madeni ya mwaka 2016 nayakumbuka, ni mimi.